Chaneli Ambayo Hakuna Aliyeitaka

Hebu niambie ukweli, kwenu rimoti hushikwa na nani? Usinijibu haraka. Fikiri kwanza nani huwasha, nani huzima, nani husema "hapo hapo, usitoe." Halafu mtafute yule anayepita nyuma ya watu na sufuria mkononi, anatupa jicho kidogo kwenye televisheni, anakwenda zake. Huyo ndiye ninayetaka kukusimulia. Anaitwa Kuntala.

Asubuhi ile Kuntala alikuwa amekaa chini karibu na mlango, penye mwanga, anabandika vijiwe vya kumetameta kwenye sari za tajiri. Unachovya ncha ya kijiti kwenye gundi, unaokota kijiwe, unakiweka juu ya ua lililochapwa, unabonyeza kwa ukucha. Sari moja ina maua mengi kuliko unavyodhani ukiiona imening'inizwa dukani. Harufu ya gundi inakaa kooni siku nzima. Hapa Surat, mji wa magharibi mwa India, wanawake wengi waliotoka jimbo la Odisha, mashariki kabisa, wanaishi kwa kazi hiyo, na waume zao wako viwandani wanasimamia mashine za kufuma.

Mumewe alikuwa zamu ya usiku, hajarudi bado. Mtoto wao Tapan alikuwa zamu ya mchana, yupo anafunga chakula chake. Baba na mwana walilalia godoro moja kwa kupokezana. Huyu akiondoka, yule anaingia palipo na joto lake.

"Kebo! Kebo! Leo mwisho!" kijana mmoja alipiga mlango uliokuwa wazi. Shingoni alikuwa na waya uliokunjwa, mkononi simu kubwa iliyopasuka kioo. "Mnachagua au niwakatie?"

"Kuchagua nini?" aliuliza Tapan.

"Sheria mpya, kaka. Kuanzia usiku wa leo mtu analipia chaneli anazozitaka tu. Usiyoitaja inazimika."

Tapan alicheka kwa furaha. "Si ndicho tulichokuwa tunakililia! Mnatujazia chaneli mia mbili, mimi natazama tatu. Haya, andika. Kriketi. Filamu, ile ya usiku. Na mieleka ya baba, yeye hata sauti haihitaji."

Kijana alibonyeza simu, akamgeuzia aone. Tapan akaacha kucheka.

"Mbona imezidi ya zamani?"

"Hapo kuna ada ya waya. Waya unalipia hata usipotazama."

"Yaani nikitaka kidogo nalipa zaidi?"

"Mimi nimetumwa tu, kaka. Ukitaka nikate, koleo hili hapa."

"Kata! Nitatazama kwenye simu yangu kiwandani."

"Na mzee wako atatazama ukuta?"

Tapan alisonya, akaiondoa filamu, bei ikashuka kidogo. Kijana akamtazama Kuntala pale chini. "Na mama je? Mama anataka ipi?"

"Mama hutazama chochote," alisema Tapan, anavaa viatu.

Kuntala aliinamia gundi yake. Neno lilikuwa mdomoni, limekaa tayari kabisa. Lakini alikuwa ameona uso wa mwanawe pale bei ilipoonyeshwa. Akasema, "Inatosha, mwanangu. Wekeni hizo hizo."

Kijana akaenda mlango wa pili. Biashara ikaisha hivyo.

Sasa nikwambie neno lenyewe lilikuwa nini. Miongoni mwa zile chaneli mia mbili, mbali huko mwisho, ilikuwapo moja ya kwao, ya lugha yao. Kila jioni ilionyesha taa za hekalu zikiwashwa: makuhani, kengele, moshi wa ubani, na ile taa kubwa inayozungushwa mbele ya sanamu ya Bwana. Nusu saa, si zaidi. Kule kwao jua huzama mapema, kwa hiyo hapa Surat taa hizo zilionekana kungali kweupe, Tapan hajatoka kazini, mumewe yuko bombani anaoga kabla ya zamu. Hiyo nusu saa chumba kilikuwa chake.

Na haikuwa ibada peke yake. Mama yake Kuntala alikuwa kijijini, kwa kaka yake Kuntala, na masikio yalishamkataa kabisa. Ukimpigia simu anaishika kama mtu aliyepewa kipande cha sabuni, anaigeuzageuza, anairudisha. Mara ya mwisho Kuntala alipokwenda kumwona, mama alimwonyesha taa za kwenye televisheni, kisha akamwelekezea kidole kifuani, kisha akajielekezea yeye. Akasema kwa ile sauti ya juu ya viziwi, "Wewe utazame, na mimi nitatazama. Tutakuwa tumekutana."

Tangu hapo walikutana. Kaka yake alimsimulia kwenye simu huku anacheka: "Mama ikifika jioni anajifunika kichwa, anakaa mbele ya televisheni, anasema tunyamaze, Kuntala anakuja. Halafu anakuuliza kama umekula." Na huku Surat Kuntala alikuwa anajibu, "Nimekula, mama," kabla hata ya kujua kwamba anaulizwa.

Sasa miaka ilikuwa imepita hajakwenda. Safari ilipangwa mara nyingi, ikavunjika kila mara. Kodi ikipanda, safari inasogea. Kiwanda kikifungwa, safari inasogea. Mwaka jana mama aliugua kifua, Kuntala akafunga mzigo kabisa, tajiri wa sari akamwambia akiondoka kazi anampa mwingine. Akafungua mzigo.

Mumewe alirudi, akala wali wa jana uliolowekwa kwenye maji, na kitunguu na samaki mkavu, akalala. Kuntala alimtazama mgongo. Kumwambia mtu huyu jambo lazima upaze sauti, kelele za mashine zimemla masikio, na ukipaza sauti jengo zima linajua mna chumvi au hamna. Angesemaje? Angepiga ukelele kwamba anataka chaneli yake peke yake, mke mtu mzima, mbele ya majirani? Mchana jirani yake Jhunu alipita kuazima gundi, akasema alikokwenda kununua mchele wamesema usiku huu watu wa kebo hawatanii, usichochagua kinazimwa.

"Wewe umechagua nini?" Kuntala alimwuliza.

"Mimi?" Jhunu alicheka mpaka akashika mlango. "Nani kaniuliza mimi, dada?"

Kuntala alizifunika sari kwa gazeti zisiingie vumbi, akafungua kopo la dengu, akatoa noti zake alizokuwa anaficha humo, akaenda.

Duka la kebo lilikuwa kona ya barabara, chumba chembamba chenye dirisha la nondo. Foleni ilizunguka mpaka kwenye kibanda cha chai. Wote wanaume, wote wanalalamika. Kuntala alivuta ncha ya sari usoni, akasimama nyuma ya mpishi mmoja wa bweni la wafumaji, mtu wa kwao, anaitwa Purna. Foleni ilikwenda polepole sana, kwa sababu kila mtu akifika dirishani anataka kwanza kugombana. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine.

Mwenye duka, Hasmukh, alikuwa amechoka na sauti imemkauka. "Haya dada. Sema."

"Nataka kuongeza moja," alisema Kuntala kwa Kihindi chake cha sokoni. "Ya kwetu. Ile yenye taa za jioni."

"Jina la mwenye laini?"

Kuntala akaivuta ncha ya sari zaidi.

"Dada, jina. Jengo lenu lina laini sitini. Laini ni ya nani?"

"Ni yetu. Baba yake Tapan."

"Kina Tapan wamejaa. Mwenye laini anaitwa nani?"

Purna, aliyekuwa ameshamaliza na anaondoka, aligeuka, akaona uso ule uliofunikwa, akaelewa. "Kaka, kwetu mke hamtaji mumewe jina. Ni mwiko."

"Basi mtaje wewe."

"Mimi simjui, mimi ni mpishi tu."

Foleni ikaanza kuchemka. "Twende, twende!" "Hajui jina la mumewe huyo!" "Labda anao wawili, hajui laini ni ya yupi!" Wakacheka. Mmoja akasema, "Sema tu, mama, hatakufa."

Lakini ndivyo alivyofundishwa, kwamba atakufa. Mama yake alimwambia usiku wa kuamkia arusi, anamsuka nywele: kila ukilitaja jina lake unampunguzia siku. Na mumewe alikuwa mtu wa kupunguziwa? Mtu anayemeza vumbi la nyuzi usiku kucha, anayekanyaga waya zilizochunika, ambaye mwenzake wa mashine ya pili alirushwa na umeme akazikwa wiki hiyo hiyo? Tangu aolewe hakuwahi kulitamka, hata ndani ya moyo wake, hata siku aliyokuwa anajifungua na watu wanamwambia aite anayemtaka.

"Dada, ama useme, ama upishe wenzako."

Kuntala alitazama juu. Angani kulikuwa bado na mwanga wa njano, na mwanga huo aliujua. Huko kwao kulikuwa kumeshakuwa giza. Taa zilikuwa zinazungushwa sasa hivi. Mama yake alikuwa amejifunika kichwa, amekaa, anauliza. Na asiposema, hii ndiyo jioni ya mwisho, na yeye hakuwapo.

Akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Gobardhan," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Gobardhan Sahu. Chumba cha juu, karibu na tangi."

Yule aliyesema "hatakufa" alitazama viatu vyake. Purna alinong'ona dua kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Hasmukh alibonyeza kompyuta yake, akabonyeza tena, akajikuna shingo.

"Hiyo hatuna, dada."

"Ilikuwapo jana."

"Jana zilikuwapo zote. Kuanzia leo tunalipia zinazotakiwa tu, na hiyo tumeitoa. Walioitaka hawakufika hata wa kuhesabu kwa mkono mmoja."

"Mtaa huu umejaa watu wa kwetu."

"Najua! Na mimi nilidhani wataitaka. Nimetuma vijana mlango kwa mlango, kila laini imeulizwa, hakuna nyumba iliyorukwa. Kriketi, kriketi, filamu, kriketi. Watu wenu wenyewe hawakuitaka, nifanye nini?"

Kuntala alimfikiria Jhunu pale mlangoni anacheka. Aliwafikiria wanawake wa ngazi nzima, chumba hadi chumba, na gundi zao, na jioni zao, kila mmoja peke yake mbele ya taa zile zile akidhani ni yeye tu. Wote hao leo asubuhi walikuwa wamesema inatosha, wekeni hizo hizo.

Noti zilikuwa zimelowa kiganjani. Alizikunja, akataka kuondoka, lakini Hasmukh hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikia lile jina lilivyotoka. Alisogea karibu na nondo, akashusha sauti, akamwuliza kwa upole, kama mtu anayempa mtoto kitu kingine badala ya kilichovunjika.

"Usiende hivi hivi, dada. Chagua nyingine, hii nitakuwekea bure mwezi mzima. Wewe mwenyewe, si mzee, si mtoto. Unataka nini?"

Kuntala alimtazama. Mwanamke mtu mzima, nywele zake nusu nyeupe, alikuwa hajui mtu akiulizwa hivyo huanzia wapi. Foleni yote ilikuwa ikimsubiri.

"Nataka kwenda kwa mama yangu," alisema.