Mwaka Ambao Molima Hakuugua

Molima alikwenda Auckland kumzika dada yake, akaishia kulazwa wiki tatu kwa nimonia. Aliporudi kisiwani kwao Niue na kushuka kwenye ndege, alikuwa amekonda kiasi kwamba mpokea mizigo, mtu aliyesoma naye darasa moja, alimpita bila kumsalimu. Hakumlaumu. Hata yeye mwenyewe, alipojiona kwenye kioo cha mlango, alidhani ni mtu mwingine anatoka.

Binti yake Sifa, aliyeishi Auckland, alikuwa amemruhusu kwa shingo upande arudi.

"Nakupa mwaka mmoja, mama," alimwambia. "Ukiugua tena huko, peke yako, nakuja kukuchukua. Na siku hiyo sitakuuliza unataka au hutaki."

"Kwani mimi mtoto?"

"Mapafu yako ndiyo mtoto. Daktari amesema hayawezi kustahimili nimonia nyingine."

Basi Molima alirudi nyumbani na mwaka wake mmoja. Ilikuwa mwezi wa tisa. Kijiji chao, upande wa kaskazini, kilikuwa na nyumba zaidi ya arobaini na watu kumi na wanne. Wenye nyumba nyingine walikuwa New Zealand. Mabati yao yaliota kutu, na katika nyumba moja mpapai ulikuwa umeota sebuleni ukatokeza kichwa dirishani. Waliobaki kwa wingi walikuwa makaburini, mbele ya nyumba zao, kando ya barabara. Mume wa Molima alikuwa mmoja wao.

Wiki ya kwanza alikuja muuguzi Ivamere kutoka Alofi, mji mkuu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyekaa mpaka aambiwe mara tatu. Siku hiyo alikaa mara moja.

"Mama, kinga ya mwili haina dawa ya kopo," alisema. "Ingekuwa inauzwa, Sifa angekuletea katoni nzima. Ni mambo madogo madogo, ila ni ya kila siku. Unalala saa ngapi?"

"Nikishachoka kumsikiliza mume wangu asiyekuwepo."

Ivamere hakucheka. "Lala mapema. Saa saba, nane za usingizi. Kula majani ya magimbi, machipukizi ya kangaga, mapapai, samaki. Nyama ya kopo iwe ya wageni. Maji ya kutosha. Tembea kila asubuhi mpaka jasho likutoke kidogo. Nawa mikono kwa sabuni. Na mwezi wa tano, nikija na chanjo ya mafua, uwe wa kwanza mlangoni."

Molima alikuwa mtu wa kushika neno. Kuanzia siku hiyo aliishi kama askari kambini. Aliamka kabla jua halijachomoza, akanywa maji vikombe viwili, akatembea hadi kwenye njia inayoshuka miambani kuelekea baharini, akageuka. Alipika majani ya magimbi kwa tui jepesi. Alichuma mapapai kwenye viwanja vya watu waliohama, maana hakuna aliyekuwepo wa kuombwa. Kaa wa minazi alipoletewa alimla, lakini nyama ya kopo iliyobaki kabatini aliigawa yote. Jioni ikiingia alikuwa tayari kitandani, madirisha wazi, anasikiliza bahari ikipiga miamba.

Mwili ulimrudia. Kufikia Krismasi nguo zake za kanisani zilimkaa tena vizuri.

Ila kanisani kwenyewe hakwenda. Hilo Ivamere hakumwambia, alilianzisha yeye. Kanisani watu wanakohoa. Watu wanakupa shavu, na shavu lina mafua. Jumapili alikaa kibarazani kwake na kitabu cha nyimbo, akaimba sauti ya pili pamoja na wale waliokuwa ng'ambo ya barabara. Upepo ukigeuka alibaki anaimba peke yake bila kujua wenzake wamefika ubeti gani. Mchungaji alikuja kumwona mara mbili. Mara zote mbili Molima alizungumza naye kupitia wavu wa mlango. Baadaye watu walimzoea hivyo hivyo. Walimpungia mkono wakapita.

Aliyekataa kuzoea alikuwa Okesene.

Okesene alikuwa na miaka sabini na mmoja, mjane kama yeye, na shamba lake la magimbi lilikuwa nyuma ya nyumba ya Molima, huko kwenye udongo mdogo uliojificha katikati ya mawe. Kila asubuhi alipita na panga na mtaimbo begani, akasimama barabarani, akapaza sauti kama mtu anayeita mashua.

"Molima! Umeamka, au nichimbe shimo?"

"Chimba la kwako kwanza. Lako lina haraka."

"Nije nikuone vizuri? Nasikia umenenepa."

"Baki hapo hapo barabarani!"

"Mwanamke huyu! Miaka sitini tunajuana, leo nimekuwa kirusi."

"Kirusi ana adabu, haji akipiga kelele."

Okesene alicheka, akakohoa kidogo kwa makusudi ili amchokoze, akaenda zake shambani. Molima alirudi ndani akitikisa kichwa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya siku, ukiacha simu ya Sifa kila Jumapili, na simu ile haikuwa mazungumzo hasa. Ilikuwa mtihani. Umelala? Umekula mboga gani? Umekohoa? Hata mara moja?

Mwezi wa tano Ivamere alikuja na sanduku lake la barafu, akaweka meza kwenye ukumbi wa kijiji. Molima alikuwa wa kwanza mlangoni, kama alivyoambiwa. Okesene alikuja pia, lakini alikuja kutazama.

"Njoo, baba, kaa hapa," Ivamere alimwita. "Sindano moja tu."

"Kinga yangu mimi ni jasho. Toka nizaliwe sijachomwa hata na mwiba nikalia."

"Jasho ni zuri. Ongeza na sindano."

"Mpe Molima ya kwangu. Yeye anazipenda."

Watu wakacheka, naye akatoka akiwa ameshinda. Ivamere alimfunga Molima pamba mkononi, akamwangalia usoni.

"Afya yako nzuri, mama. Nzuri sana. Na watu je? Unakaa na watu?"

"Watu ndio wanaoleta mafua."

"Ni kweli," alisema Ivamere. "Wanaleta." Akaitazama foleni nyuma ya Molima, akaacha neno alilotaka kuongeza, akamwita anayefuata.

Mwezi wa saba baridi ilishika. Upepo wa kusini-mashariki ulivuma siku nyingi mfululizo, na habari zilifika kwamba mafua yameingia kisiwani na abiria wa ndege. Molima alifunga mlango wa wavu kwa kamba.

Jumanne moja Okesene hakupita. Molima aliona nafuu: leo hakuna kelele. Jumatano hakupita tena. Adhuhuri, akiosha sahani yake moja, Molima aligundua kwamba tangu Jumatatu asubuhi hakuwa ametamka neno lolote. Akasema, "Sahani," ili asikie. Sauti ilitoka na kutu. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, akajiona mjinga, akaifuta sahani.

Alijiambia labda mzee amechoka kutaniwa. Labda amepata njia nyingine ya shambani. Lakini njia nyingine haikuwepo, na yeye aliijua hiyo ardhi.

Alhamisi, kwenye matembezi yake, hakugeuka pale alipozoea kugeuka. Alinyoosha mpaka nyumba ya Okesene. Mtaimbo ulikuwa umeegemea kaburi la mkewe. Mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yote yamefungwa, na kutoka ndani alisikia kikohozi. Hakikuwa kile cha uchokozi. Kilikuwa kikohozi kizito, cha chini, alichokijua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amelala nacho wiki tatu Auckland.

"Okesene! Hodi!"

Akajibiwa kutoka ndani: "Usiingie. Nina mafua."

"Nasikia."

"Basi nenda."

Molima alisimama kwenye kizingiti. Ilikuwa imebaki miezi miwili mwaka wake utimie. Akilini alimwona Sifa akishuka kwenye ndege na sanduku tupu la kumpakia nguo zake. Aliona chumba kile cha nyumbani kwa Sifa, na zulia, na mashine ya joto inayounguruma ukutani. Miguu yake ilikuwa tayari imeanza kurudi nyuma. Alihisi kisigino chake kwenye kokoto.

Kisha akafungua kitambaa cha kichwani, akakifunga puani na mdomoni, akasukuma mlango.

Okesene alikuwa chini, juu ya mkeka, amejifunika blanketi mbili na koti. Midomo yake ilikuwa na rangi mbaya. Kando yake palikuwa na kopo la nyama lililofunguliwa bila kuliwa. Molima alifungua madirisha, akampigia simu Ivamere, akamwinua mzee akamwegemeza ukutani ili apumue, akachemsha maji, akayapoza, akamnywesha kwa kijiko. Mwili wa Okesene ulikuwa unawaka. Ulikuwa pia mwepesi; na hilo lilimshtua, kwa jinsi alivyozoea kuisikia sauti yake kubwa.

"Siku ngapi?"

"Tatu. Nne."

"Mbona hukuniita, mzee wewe? Umekosa nini, mdomo?"

Okesene alivuta pumzi mara tatu kabla ya kujibu. "Ningekuitaje? Ulisema nisikukaribie." Akapumzika. "Nikasema nipone kwanza. Nisije nikakuletea. Wewe unahesabu siku zako."

Molima alikishika kijiko, akakiangalia. Kumbe mzee alikuwa anajua habari za ule mwaka. Yeye hakuwahi kumwambia. Labda kijiji kizima kilijua. Labda ndiyo sababu walikuwa wanampungia mkono na kupita. Alikuwa akidhani amewazuia, kumbe walikuwa wanamlinda.

"Kunywa," alisema.

Ivamere alifika kwa pikapu, akamsikiliza kifua, uso wake ukabadilika. Wakampakia nyuma kwenye godoro. Molima alipanda naye, akamshikilia kichwa mpaka Alofi, kitambaa puani, upepo ukimtoa machozi.

Okesene alilazwa siku kumi na moja. Kila siku Molima alimpelekea mchuzi wa samaki na majani ya magimbi, akinawa mikono kabla na baada mpaka ngozi ikapasuka vidoleni. Alisubiri homa. Usiku aliamka akajigusa paji la uso. Homa haikuja. Kilimjia kikamasi tu, cha siku mbili, kikaondoka.

"Sindano imefanya kazi yake," alisema Ivamere. "Na mapapai yako. Na huo usingizi. Mwili ulikuwa tayari."

Okesene alipona, lakini si sana. Alitembea hatua kumi akakaa. Bintiye Mele alikuja kutoka Auckland, akaiona ile nyumba, akaona mkeka na kopo, akalia, na neno likawa limekwisha: baba anakwenda naye. Ijumaa ya wiki hiyo mzee alikuwa uwanja wa ndege, kwenye kiti cha magurudumu, amevaa soksi za sufu zilizomkera.

"Wameshanichoma sindano," alimwambia Molima. "Mbili. Nimelia."

"Vizuri. Ulichelewa kulia."

"Magimbi yangu yako tayari. Usiyaache yaoze."

"Nitayatoa."

"Na wewe usije huko. Ukifika huko nitakukimbia. Una mafua."

Molima aliinama, akaweka shavu lake kwenye shavu la Okesene, akisikia pumzi ya mzee ikikwaruza. Mele alisema abiria wanaitwa ndegeni.

Mwezi wa tisa Sifa alipiga simu, akicheka. "Mama, umeshinda. Mwaka umetimia na hukulazwa. Sina la kusema. Kaa kwako."

"Asante, mwanangu."

"Mbona huna furaha?"

"Ninayo."

Alikuwa nayo, mahali fulani. Lakini asubuhi iliyofuata aliamka, akanywa vikombe vyake viwili vya maji, akakaa kibarazani akisubiri bila kujua anasubiri nini, na barabara ikabaki nyeupe na tupu mpaka jua likawa kali. Aliyatoa magimbi ya Okesene kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Yalikuwa mengi kuliko uwezo wa mtu mmoja, akawapelekea wale kumi na wawili waliobaki, nyumba hadi nyumba, na kila nyumba walimwambia aingie. Nyumba tatu aliingia.

Jumatano moja alitembea kilomita nne mpaka kijiji cha jirani, ambako wanawake hukutana ukumbini kusuka majani ya mkadi. Walimsogezea mkeka. Wengi walikuwa wadogo kuliko Sifa, na waliongea habari za watu asiowajua, nani kaachana na nani, nani karudi. Molima alisuka ukingo wa kofia, akakosea, akafumua. Mwanamke aliyekaa kando yake alipiga chafya, akajifunika kwa kiwiko, akaomba radhi. Mwili wa Molima ulijiinua kutoka kwenye mkeka kabla hajauamuru. Akaurudisha chini.

"Afya," alimwambia.

"Asante, mama. Ni vumbi tu la majani."

Walipomaliza walimpa ndizi za kwenda nazo. Mmoja alisema atamsindikiza kwa gari. Molima alikataa, kutembea ni kuzuri kwake. Njiani hakukutana na mtu. Alifika, akanawa mikono, akala ndizi moja amesimama dirishani, akaiweka ile kofia ambayo haijakwisha juu ya meza, mahali ambapo angeiona akipita. Jumatano nyingine ilikuwa mbali siku saba.