Siku Baba Aliponiamkia

Walimu wa shule huja na madaftari yao, wanataka niwaeleze nilivyokuwa miongoni mwa wachimbaji wa zamani wa dhahabu katika vilima vya Geita. Nawaeleza. Nilivyotembea kwa miguu kutoka kwetu Songwa mwaka 1944, tulivyovunja mawe kwa nyundo na kuosha mchanga kwa karai, na jinsi mimi, Makoye, nilivyouona mwamba mweupe ambao Mzungu wetu alikuwa ameupita mara mbili bila kujua umebeba nini. Wanaandika, wanashukuru, wanakunywa uji wangu, wanaondoka. Habari ya baba yangu siwaambii, maana naona aibu.

Baba aliitwa Mihayo. Mwaka mmoja wa njaa, akiwa mtoto wa miaka sita hivi, watu wake walimwacha kwa tajiri wa ng'ombe, wakapewa kikapu cha mtama, wakasema watarudi kumkomboa. Hawakurudi. Akakua akichunga ng'ombe wa watu, akaoa kwa ng'ombe wa kupewa, akatuzaa sisi katika kibanda cha pembeni mwa mji wa tajiri huyo. Kwetu Usukumani mtu akikusalimu hukuuliza wewe ni wa nani, nawe unataja ukoo wako. Baba akiulizwa hivyo alitaja ukoo wa yule tajiri, na wenye ukoo wakiwapo, walicheka. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, masikio yananiwaka.

Basi nilipofika machimboni na karani akaniuliza, "Mwana wa nani?", nikajibu bila kupepesa macho: "Wa mwanangwa Mihayo." Mwanangwa ndiye mkuu wa kijiji chini ya mtemi. Mpumbavu mimi! Mshahara wa mwana wa mwanangwa na wa mwana wa mchunga ng'ombe ulikuwa uleule. Lakini uongo huo ukazaa mwingine, na mwingine. Nikapewa unyapara, nikajenga nyumba ya bati, nikanunua baiskeli na viatu. Wanasema mkataa kwao ni mtumwa. Mimi nilikataa kwetu nikawa nyapara, nikaona wahenga wamekosea.

Mwaka 1952 nikamposa Generosa, binti wa katekista Eustace, Mzinza asiye na maneno mengi. Yeye hakubabaishwa na bati wala baiskeli.

"Sitoi binti kwa mtu nisiyejua kwao," alisema.

Nikamweleza kwetu: ng'ombe mia mbili, baba mkuu wa kijiji, ndiyo maana hawezi kuwaacha watu wake akaja huku. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema atakuja na ndugu zake wawili kuutazama mji wangu, ndipo atoe jibu.

Walikuja Jumapili baada ya misa. Walikuwa wameketi kwenye viti uani, wanakula wali na kuku, mimi nawasimulia zizi la baba, mara akatokea mzee langoni. Kaniki begani, fimbo ya kuchungia mkononi, kibuyu cha samli mgongoni, miguu myeupe kwa vumbi la siku saba. Vibarua waliorudi Songwa walikuwa wamempasha habari kwamba naoa. Alikuwa anatabasamu, na mdomo ameshaufungua kuniita.

"Huyu nani?" Eustace akauliza.

"Mtu wa baba," nikasema. "Anachunga ng'ombe zetu."

Nilisema kwa sauti ili asikie. Ndiyo, kusudi asikie. Tabasamu lilibaki kidogo usoni pake, kisha likaondoka. Akatazama viti, akawatazama wageni, akaelewa yote. Baba yangu hakuwa mjinga. Akavua viatu vyake vya katambuga, akainama, akasema kile Kiswahili alichozoea kuwaambia makarani wa bomani:

"Shikamoo, bwana."

Wote wakaningoja. Ningeweza kuinuka, kati yetu hazikuzidi hatua kumi. Lakini Generosa nilimtaka, na kile kicheko cha utotoni nilikiogopa kuliko kifo.

"Marahaba," nikasema.

Eustace akamgeukia yule mzee kwa upole. "Mwanangwa hajambo?"

"Hajambo, mzee. Amenituma na samli hii ya harusi. Anasema mumwie radhi, hakuweza kuja mwenyewe. Anasema msimnyime mwanawe binti, maana ni mtoto mwema."

Akaweka kibuyu chini. Alipewa chakula jikoni, akala amechuchumaa, akanawa, akaaga. Eustace akafuta vidole vyake taratibu.

"Nyumba yenye mtumishi mwenye adabu namna hii haiwezi kuwa nyumba mbaya," akasema. "Binti nimekupa."

Nikasingizia kwamba nimesahau kumpa yule mzee salamu za nyumbani, nikamkimbilia. Nilimkuta ameshapita zizi la mbuzi, anakwenda mwendo wake uleule wa kufuata ng'ombe. Nikapiga magoti vumbini, nikamshika miguu.

"Baba, nisamehe."

Hakunigusa. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kule uani.

"Inuka, ng'wanone," akasema. Ndivyo tunavyosema mwanangu. "Inuka upesi, wakwe zako watakuona."

Nikainuka, nikarudi. Eustace akaniuliza suruali imepatwa na nini magotini. Nikamwambia nilijikwaa.