Vidole Kumi vya Nyamizi

Alfajiri ile Nyamizi alikuwa amechuchumaa kando ya beseni nyuma ya nyumba, anasugua viganja kwa jiwe la kusugulia miguu, na mama yake, Wilhelmina, amemsimamia na tochi ya simu. Ndani ya beseni mlikuwa na maji ya moto, sabuni ya unga na kifuniko kizima cha ile dawa ya kung'arishia mashuka.

"Sugua na hapo kwenye ncha," mama alisema. "Weusi umeganda."

"Mayu, panawaka."

"Acha pawake. Unakwenda kuchukuliwa vidole serikalini, huendi kuchuma buluba. Wakiiona mikono ya porini watasema, hawa wa kijijini Kasoli nao wanatafuta nini Ulaya?"

Nyamizi akasugua. Kwao mtu hakurupuki tu kwenda ofisini. Anaoga, anavaa nguo ya kanisani, anapaka mafuta, na mikono anainawa mpaka iwe mikono ya heshima. Ndivyo alivyolelewa, na mama yake alilelewa hivyo hivyo. Hakukuwa na mtu wa kuwaambia kwamba safari hii ilitakiwa mikono ibaki na uchafu wake.

Kwa wiki tano mikono hiyo haikuwa imepumzika. Kwanza alichuma buluba, yaani pamba, kwenye ekari mbili za mama yake, kisha akawa anaamkia kwenye mashamba ya jirani kufanya kibarua ili apate ada ya pasipoti. Tumba la pamba likishapasuka, maganda yake hukauka yakawa na ncha kali. Ukichuma polepole hayakuchomi, ila ukichuma polepole hujazi gunia, na bila gunia hakuna hela. Nyamizi alichuma haraka. Ada ikapatikana, akailipa yote, na namba ya malipo akaiandika nyuma ya Biblia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja ya Malaga, mji wa Hispania ulioko ufukweni. Rafiki yake Violeth, waliyesoma naye sekondari, alikuwa huko mwaka wa pili sasa. Alimtumia picha za majumba meupe na wazee wa Kizungu waliovaa kaptura, wanatembea kando ya maji bila haraka yoyote. Siku moja mama yake aliishika simu akaitazama picha hiyo kwa muda.

"Hawa wazee wanafuata nini huko?"

"Jua, mayu. Kwao kuna baridi."

"Jua?" Wilhelmina aligeuka akalitazama shamba lake lililokauka. "Yaani sisi tunalo bure na wala hakuna anayekuja!"

Wakacheka siku hiyo. Leo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kucheka. Constantine, wakala aliyekuwa Mwanza, alituma ujumbe kwamba orodha ya watu kumi na wawili inafungwa leo saa kumi jioni, na kila mmoja atume uthibitisho kwamba alama za vidole zimechukuliwa. Hoteli haikutaka mtu aliyefikisha miaka thelathini. Nyamizi anafikisha Septemba. Kwake hapakuwa na orodha nyingine.

Maige wa bodaboda alimkuta barabarani ameshasimama.

"Mwangaluka, dada. Leo ndiyo leo?"

"Mwangaluka. Ndiyo leo. Endesha taratibu, nisifike nimejaa vumbi."

"Hivi huko Malaga bodaboda zipo?"

"Sijui, Maige."

"Basi ukifika uniulizie," akasema Maige, akawasha pikipiki.

Saa mbili kasoro alikuwa ameshafika ofisi ya uhamiaji, Bariadi mjini, akaambiwa yeye ni wa kumi na nne. Mtandao ulikuwa unasumbua. Watu walikaa kwenye mabenchi, wakapiga miayo, wakasalimiana upya. Saa nne unusu mtandao ukarudi, foleni ikaanza kusogea, na zamu ya Nyamizi ikafika saa tano na dakika kumi. Alikuwa amezihesabu dakika hizo kwenye saa ya ukutani.

Afisa alikuwa kijana mwembamba, kibandiko kifuani kimeandikwa Deogratias. Hakuwa mtu mbaya. Alizipanga karatasi zake vizuri, akamwambia, "Haya dada, vidole vinne vya kulia. Weka kwenye kioo cha mashine."

Nyamizi akaweka. Kioo kikawaka kijani, mwanga ukazunguka ndani yake, kikawaka chekundu.

"Bonyeza kidogo. Usibonyeze sana. Toa. Weka tena."

Chekundu.

"Kushoto."

Chekundu.

Deogratias akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Unafanya kazi gani wewe?"

"Nalima. Saa hizi tunachuma pamba."

"Ndiyo hiyo. Vimefutika. Na hapa mbona kama vimechubuka? Umevisugua na nini?"

Nyamizi akauvuta mkono wake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Na jiwe."

"Na jiwe!" Deogratias alimgeukia mwenzake wa meza ya pili. "Amevisugua na jiwe, jamani!" Benchi la mbele likacheka. Nyamizi alisikia uso wote unapata moto, akatamani ardhi ipasuke.

Mama mmoja kwenye foleni akamwonea huruma, akamwambia apitishe vidole kwenye paji la uso, pana mafuta. Akapitisha. Mwingine akamtuma nje kwa Precious, muuza chakula, akaombe mafuta ya kula kidogo. Precious aliacha kukaanga chapati, akammiminia matone mawili na kumkanda vidole kimoja kimoja, huku akisema, "Vitakubali tu, mdogo wangu. Kwa nini visikubali?"

Nyamizi akarudi. Dole gumba la kulia likakubali. Watu nyuma wakasema "Eee!" Kidole cha pete cha kushoto nacho kikakubali. Vilivyobaki, wapi. Deogratias alijaribu mara saba, na mara ya saba akawa anakifuta kioo kwa shati lake mwenyewe.

"Viwili kati ya kumi," akasema. "Mfumo hauendelei."

"Lakini vidole si unaviona?"

"Mimi naviona. Mfumo hauvioni."

"Sasa watu waliokatika mikono hawapati pasipoti?"

"Wanapata." Akageuza kioo cha kompyuta amwonyeshe. "Hapa kuna sehemu ya 'hana'. Ungekuwa huna kidole, nabonyeza hapa, tunaendelea. Shida yako ni kwamba unavyo. Unavyo ila havisomeki. Ya hivyo haina pa kubonyeza."

Nyamizi akainama akakisoma kile kioo. "Basi bonyeza sina."

"Nikibonyeza huna na unavyo, mimi ndiye nitakayefungwa. Lete barua ya daktari, aandike vidole vimeharibika. Na ya mtendaji wako, kwamba wewe ni mkulima. Labda bosi akiziona atanipa ruhusa."

Nyamizi akampigia simu mtendaji wa kijiji, mzee Kasmiri. Kasmiri alikuwa kwenye kikao cha ushirika, kelele nyuma yake. "Barua siyo shida, ng'wanone. Muhuri ndiyo uko kwa mwenyekiti, na mwenyekiti ameenda msibani. Njoo Jumatatu."

Kwa daktari alikaa tangu saa sita hadi saa nane na nusu, jua la mchana likipiga kwenye bati la baraza. Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye macho yaliyochoka. Alimkunja vidole, akamkunjua, akamwuliza kama vina ganzi.

"Havina."

"Vinauma?"

"Kwa sababu ya jiwe tu."

"Sasa binti yangu, niandike nini? Siwezi kuandika vimeharibika. Hivi ni vidole vizima vya mtu anayefanya kazi. Nikiandika ugonjwa, nitaandika ugonjwa gani?" Akafikiri, akachukua kalamu, akaandika ukweli: vidole kumi, vyote vipo, afya nzuri. Akapiga muhuri.

Deogratias aliisoma barua hiyo mara mbili, akamrudishia.

"Hii imeniharibia kabisa," akasema. "Angalau kabla yake nilikuwa na pa kuanzia."

"Sasa nifanyeje, kaka?"

"Vipumzishe. Wiki tatu. Usishike jembe, usichume, usifue, usioshe vyombo. Paka mafuta asubuhi na jioni. Ngozi ikirudi, uje."

Nyamizi alitaka kumwuliza ni nani atakayechuma, na nani atafua, na nani atamchotea mama yake maji wiki hizo tatu. Akaona atakuwa anamwonea bure. Kijana mwenyewe alikuwa hajala tangu asubuhi, chapati ya Precious imekaa kwenye mfuko mezani, imepoa.

Akatoka nje akampigia Constantine. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

"Dada Nyamizi! Wewe tu ndiye nakusubiri. Tuma uthibitisho."

"Vidole havisomeki, kaka Constantine. Mashine imekataa."

"Imekataaje?"

"Vimefutika kwa pamba. Naomba uwaombe hao watu wa hoteli wiki tatu tu."

"Dada, hao hawaombwi. Nikichelewesha mmoja wananifutia wote. Nina binti wa Mwandoya yuko akiba, saa kumi namwingiza yeye."

"Lakini kazi yenyewe si ya mikono? Si kutandika vitanda na kusugua vyoo? Waambie mikono ninayo. Waambie hii ndiyo mikono ya kazi."

Nyamizi akasikia honi za Mwanza kwenye simu.

"Pole sana, dada yangu," Constantine akasema, na simu ikakatika.

Alikaa kwenye benchi la Precious. Hakulia. Alijisikia mchovu tu, uchovu wa kuanzia kwenye visigino. Wiki tano. Ile ada yote ilitoka kwenye vidole hivi, kumbe alikuwa analipa kwa vidole vyenyewe. Precious akampa chai bila kumwuliza, na alipotaka kulipa akamwambia, "Hebu niondokee hapa na hela yako."

Saa kumi ilipopita, Deogratias akamwita kutoka mlangoni. Alikuwa amebeba daftari kubwa la kaunta na kidau cha wino wa bluu.

"Dada, ulisahau hii. Sahihi hapa, na dole gumba hapa."

"Ya nini?"

"Ya kuthibitisha umehudumiwa. Leo Ijumaa, ripoti inaenda juu. Wanataka idadi ya waliohudumiwa, na kila mmoja awe na dole lake."

Nyamizi alilitazama daftari. Madole gumba ya bluu yalishuka ukurasa mzima, moja chini ya lingine, mengine yamevujisha wino. Mstari wake ulikuwa umeshajazwa jina, kata, na neno *amehudumiwa*, kwa mwandiko mzuri.

"Na hii itasoma?" akauliza.

"Hii haisomi. Hii ni wino tu, dada. Hata likiwa limefutika halina shida."

"Ahaa."

"Chovya tu hapo."

Nyamizi akaiweka mikono yake mgongoni. Hata yeye mwenyewe alishangaa. Maisha yake yote, mtu wa ofisi akisema weka hapa, aliweka.

"Mimi vidole vyangu havisomeki, kaka. Umesema mwenyewe, na mashine yako imesema."

"Dada, usinitie kwenye matatizo. Mstari hauwezi kubaki hivi. Nitaandika nini?"

"Si kuna ile sehemu? Andika sina."

Precious akaangua kicheko, kisha akakifunga kwa kiganja. Deogratias alibaki amesimama na kidau chake cha wino, anamtazama Nyamizi anavyokwenda kumtafuta Maige, na daftari limefunguka mikononi.

Njia nzima Maige hakuuliza kitu. Walipofika akakataa nusu ya nauli, akasema, "Mhola duhu, dada, shwari tu. Itakuwa tu."

Jua lilikuwa linashuka. Wilhelmina alikuwa shambani, gunia limefungwa kiunoni, anamalizia mistari ya mwisho. Akaacha kazi, akaja mbio, mgongo wake mbovu umesahauliwa kabisa.

"Wamekuchukua?"

Nyamizi aliutazama uso wa mama yake. Alikumbuka ile tochi ya alfajiri, na ule mkono ulioishikilia bila kutikisika muda wote.

"Mtandao, mayu. Mtandao haukuwepo."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Wamesema nirudi, orodha itasubiri."

"Mashetani hawa!" Wilhelmina akatema mate pembeni. Kisha akamshika binti yake mikono, akaigeuza, akaipangusa vumbi la njiani kwa kanga. Akaitazama na kutikisa kichwa kwa kuridhika. "Lakini ona ilivyotakata! Wamekosa wao. Ukirudi tutaisugua tena, vizuri zaidi ya leo. Jiwe nimeliweka pale pale."

"Sawa, mayu," Nyamizi akasema. Akavua viatu vya kanisani, akajifunga gunia kiunoni, na akaanza kuchuma mstari uliobaki.