Harufu ya Mwisho wa Foleni

Kwa taadhima kuu, na kwa niaba ya binadamu wote wenye pua, inatangazwa hapa kwamba dhuluma ina harufu. Inanuka kama samaki aliyesahauliwa mtungini.

Iligunduliwa siku ya nyama ya nguruwe, katika shule ya bweni ya wavulana karibu na mji wa Wonju. Shuleni humo foleni ya chakula hupangwa kwa alama za mtihani. Wa kwanza darasani hupakua kwanza. Ma Do-yun alikuwa wa mwisho, na tangu muhula uanze hakuwa ameonja nyama. Zamu yake ikifika, hukuta vitunguu na mchuzi tu.

Siku hiyo aliitazama sufuria, na kichwa chake kikaanza kunuka. Harufu ilitokea masikioni. Wenzake walifungua madirisha wakaendelea kula.

"We Do-yun, hujaoga?" akauliza Pyo Seung-u, aliyemtangulia kwenye foleni.

"Nimeoga. Ni ubongo."

"Basi usugue na huo, bwana. Tunakula hapa."

Mwalimu Hyeon wa biolojia alimnusa na kuthibitisha. Alieleza kwamba sehemu ya ubongo inayokichukia chakula kilichooza ndiyo hiyo hiyo inayouchukia mgawo usio wa haki. Ubongo wa Do-yun ulikuwa umechoka kuchukia kimyakimya. Kisha akarudi kusahihisha mitihani.

Mwalimu Mkuu alizaliwa Mokpo, ambako samaki aina ya taa huvundikwa kwa makusudi na kuliwa harusini. Alidhani jikoni wamemkumbuka kwa samaki wa kwao. Akaanza kula bwaloni kila mchana, akivuta pumzi ndefu kabla ya kijiko cha kwanza.

Wiki zikapita hivyo. Mama Bong, mpishi, alichoka kufua aproni zisizoisha harufu. Ijumaa moja akamfichia Do-yun kipande cha nyama chini ya wali. Do-yun alikifukua, akakitazama kwa muda mrefu bila kukigusa. Harufu ikakatika. Bwalo zima likanukia wali.

Mwalimu Mkuu akaweka kijiko chini. "Mbona leo hakunuki?"

"Kijana kapata nyama, Mwalimu."

"Huyu ni wa ngapi?"

"Wa mwisho."

"Aa, Mama Bong! Na wewe tena?"

Akakichukua kipande kwa vijiti vyake mwenyewe na kukipeleka mbele, kwa anayestahili. Do-yun alivuta bakuli la supu, na harufu ikarudi, nzito kuliko mwanzo. Mwalimu Mkuu akaomba wali zaidi.

Foleni ni ile ile hadi leo. Shule imenunua feni.

Ningependa kuongeza tu kwamba kipande kile kilikuwa laini, chenye mafuta pembeni na pilipili kwa mbali.

Haya, nimejikamatisha. Katika mtihani wa muhula ule nilikuwa wa kwanza. Kililetwa kwenye sahani yangu kingali cha moto, Do-yun akiniangalia, nami nikakila. Baadaye nilijinusa kote, hadi masikio.

Sikunuka kitu.