Ala Niliyomuuzia Bwana Harlan

Bwana Harlan Tidwell ndiye aliyetupeleka shule kwa basi la njano, mimi na binti yake Corliss, kuanzia darasa la kwanza mpaka tulipomaliza. Hata leo, na mvi zangu hizi, nikimwona hunyoosha mgongo kama mtoto aliyekamatwa akila peremende kwenye kiti.

Jumamosi moja ya Juni alikuja dukani. Mimi huuza silaha na vifaa vyake katika mji wetu, kusini mwa Texas, na kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa. Siku hiyo joto lilikuwa la kuchemsha bongo. Bwana Harlan alivaa kaptula ya lastiki na shati jepesi la maua, akasimama mbele ya kaunta akijipepea kwa kofia.

"LaVonne binti yangu," alisema, "joto hili limenivua kila kitu. Wakati wa baridi nilikuwa na koti. Sasa bastola niifiche wapi, chini ya ulimi?"

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mimi nilijua kwa nini anabeba bastola. Mwezi wa Februari kijana mmoja alimwekea kisu shingoni kwenye kituo cha mafuta, akamnyang'anya pochi na saa aliyoachiwa na marehemu mkewe. Tangu siku ile hakutoka nje bila ile bastola yake ndogo.

Nilimletea ala ya kutilia bastola, ya plastiki ngumu, ile ya kuvaa ndani ya suruali. Ala hiyo hufunika kifyatulio chote na huishika bastola barabara, hata ukiipindua kichwa chini haichomoki. Ila inataka mkanda wa maana.

"Uvae suruali yenye mkanda mgumu, Bwana Harlan," nilimwambia. "Shati usilichomekee, na liwe la maua kama hilo ulilovaa. Maua yanaficha kuliko rangi moja."

Alienda kujaribu kwenye chumba cha nyuma. Alirudi amekunja uso.

"Inanichoma pale pale kwenye mshono." Mwaka uliotangulia alikuwa amepasuliwa ngiri, na mkanda wowote ulimtesa. "Huniuzii ala, binti, unaniuzia msumari."

Ndipo macho yake yalipotua kwenye zile za kitambaa laini, nyepesi kama soksi, zenye kibanio kidogo cha bati. Ni bei rahisi, na watu huzinunua sana wakati wa joto. Akaibana moja kwenye lastiki ya kaptula, akashusha shati, akanyanyua mikono na kujizungusha kama bibi harusi.

"Inaonekana?"

"Haionekani," nilisema. "Lakini hiyo haishiki, Bwana Harlan. Na lastiki si mkanda."

"Nikiivaa sihisi kitu! Hii ndiyo yangu."

Nyuma yake watu sita walikuwa wakisubiri, na mmoja alishaanza kugonga kaunta kwa vidole. Ningeweza kumwambia mara ya pili. Ningeweza kumtafutia ya kuvaa kwapani, ambayo haigusi tumbo kabisa, na tulikuwa nayo stoo. Ningeweza kukataa kumuuzia. Nilimtilia kwenye mfuko, nikamwambia, "Msalimie Corliss."

Siku ya Uhuru, tarehe nne Julai, Corliss alitualika kwake. Mumewe alikuwa ameamka alfajiri kuchoma kidari cha ng'ombe kwa moshi, na watoto walikuwa wakikimbia uwani ndani ya maji yaliyorushwa na mpira wa bustani. Bwana Harlan alikaa kivulini na glasi ya chai baridi, kavaa shati la maua na kaptula ile ile. Nilimwangalia kiunoni, kwa mazoea ya kazi. Hakikuonekana kitu. Hata nilijisikia vizuri.

Mjukuu wake Maisie, wa miaka minne, alimjia mbio, amelowa chapachapa. "Babu, nibebe!" Babu akainama. Kibanio kiliachia lastiki, ala na bastola vikaanguka chini, na katika kuanguka vikaachana. Mtoto aliwahi kuinama kabla ya mzee kuweza. Akaishika bastola kwa mikono yote miwili.

"Babu, umeangusha kitu."

Mdomo wa bastola ulikuwa unatazama tumbo la babu yake.

"Asante, kipenzi," Bwana Harlan alisema polepole, na sauti haikutetemeka hata kidogo. "Iweke chini taratibu. Kama yai. Hivyo hivyo."

Maisie aliiweka chini. Corliss alimnyakua mtoto, akamkumbatia mpaka akalia.

"Baba! Umekuja na bastola nyumbani kwangu? Na kitambaa hiki ndicho ulichoibebea? Mjinga gani amekuuzia takataka hii?"

Bwana Harlan alinitazama. Kutazama tu, kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akageukia binti yake.

"Nilichagua mwenyewe," alisema.

Na mimi nilinyamaza. Nilikuwa na sahani mkononi, nikaendelea kuishika.

Alifukuzwa siku ile ile, kwa maneno ambayo binti hapaswi kumwambia baba. Kesho yake aliniletea bastola dukani niiuze kwa niaba yake. Hakunilaumu. "Uliniambia haishiki," alisema, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Agosti nzima hakumwona Maisie. Alikuwa akija kununua risasi asizozihitaji ili apate wa kuzungumza naye, mpaka aibu ikamkomesha.

Septemba nilimwendea Corliss, nikamwambia yote, pamoja na ile ya kwapani iliyokuwa stoo. Alinisikiliza akikunja nguo za watoto.

"Ungesema siku ile," alisema mwishowe, "hasira yangu ningeigawa nusu kwa nusu. Yote nilimtwika yeye."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe, LaVonne. Lakini hunirudishii ile miezi."

Jioni hiyo alimpigia baba yake simu. Kwenye Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, mzee alialikwa, na mimi pia. Alisimama mlangoni amevaa shati jepesi lililochomekewa, ingawa nje kulikuwa na baridi. Akanyanyua mikono ili binti yake aone kwamba hana kitu. Corliss alisema, "Baba, acha bwana, ingia," akimfuta machozi kwa kona ya aproni.

Maisie hakumkimbilia. Alijificha nyuma ya kiti akimchungulia, na mama yake alipomhimiza akampe babu mkono, alimpa vidole viwili tu, akavirudisha haraka. Bwana Harlan alicheka, akasema mtoto amekua. Wakati wa kula alikaa mkabala nami, akanipitishia viazi, akaniuliza habari za kazi kwa upole. Nilimjibu. Nilishindwa kumtazama usoni.