Kivuko cha Wageni

Habari za wageni zilipofika tu, kitongoji cha Kichangani kilipata akili ambayo kilikuwa hakina kwa miaka kumi. Mwenyekiti Nikolaus alizunguka nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba wataalamu wanakuja Alhamisi kufanya mapitio ya mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na viatu vyao visilowe. Basi wanaume wakaangusha miti miwili, wakailaza juu ya korongo, wakapigilia mbao za banda la mbuzi na kufunga kamba ya kushikilia. Kazi ya nusu siku!

Odilia aliwatazama mikono kiunoni, roho ikimchemka. Korongo hilo ndilo linalowatenga na Kidete, kwenye zahanati na shule. Masika ya mwaka juzi mkwewe Rebeka, mke wa mwanawe Lucas, alishikwa na uchungu maji yamejaa. Walikaa ukingoni wakingoja yapungue, na mtoto akazaliwa palepale kwenye tope. Hakulia. Siku ile hakuna aliyekumbuka mbao za banda la mbuzi. Sasa Rebeka ana mimba ya miezi saba, mvua zimeanza, na watu wazima wanahangaikia viatu vya wageni.

"Hivi vijiti vyenu maji makubwa ya kwanza yataondoka navyo," alimwambia Nikolaus.

"Vikae mpaka kesho jioni tu, Mama Lucas. Wageni ni heshima."

Alhamisi wakaja wawili, wakamwacha dereva na gari upande wa pili. Goodhope, afisa mipango, alikuwa kijana mwenye kizibao cha mifuko kumi na miwili, yote mitupu. Filomena, msaidizi wake, alibeba kishikwambi. Goodhope alisimama katikati ya magogo akatabasamu, akapigwa picha, kisha akawaamkia wazee shikamoo kwa adabu zote. Wakaongozwa hadi kanisani, kwenye mabenchi.

Mapitio yenyewe yalikuwa hivi: Goodhope anasoma jambo lililoandikwa kwenye mpango, halafu inaamuliwa kama limetekelezwa, linaendelea au bado. Kuhamasisha jamii, limetekelezwa, ingawa hakuna aliyekumbuka kuhamasishwa. Kisima, kinaendelea, shimo lipo, na vyura wameshahamia. Odilia alichekea puani. Watu hawa walikuwa wanasahihisha mtihani waliojitungia wenyewe, na ajabu ni kwamba walikuwa wanafaulu.

"Namba saba," akasoma Goodhope. "Ujenzi wa kivuko."

"Kipo," alisema Filomena, akamwonyesha ile picha. "Tumepita juu yake."

"Hongereni sana! Kimetekelezwa kwa nguvu za wananchi. Hebu jipigieni makofi ya kilo."

Na wakajipigia, jamani. Wanaume kwa wanawake, Nikolaus akiongoza, walipiga makofi matatu mazito kushangilia kufutwa kwa kivuko chao kwenye mpango. Hata Lucas alipiga, mpaka macho yake yalipokutana na ya mama yake, akaificha mikono kati ya magoti.

Odilia akasimama. "Mwanangu, kile si kivuko. Kile mmewekewa nyie, jana, msilowe."

"Nakuelewa, mama. Lakini mfumo unataka jibu moja tu, kipo au hakipo. Mimi nimekiona kwa macho yangu."

"Na kama usingekiona?"

"Kingebaki kipaumbele, kitafutiwe fedha. Sasa tutaonana tena mapitio yajayo."

"Miaka mitano."

"Miaka mitano, mama."

Wageni walipokaribishwa wali na kuku, Odilia alipita nyumbani akachukua shoka. Lucas alimfuata hadi korongoni akimsihi, akisema watachekwa na wilaya nzima.

"Mlipopiga makofi sikuona aibu yenu," alimjibu. "Shika upande ule."

Lucas akashika. Wakafungua kamba, wakang'oa mbao kwa shoka, wakasukuma magogo. Huko milimani mvua ilikuwa imeshanyesha, na maji ya rangi ya udongo yaliyachukua bila taabu yoyote.

Wageni walirudi wameshiba, Nikolaus mbele yao. Walipofika ukingoni wakakodoa macho. Upande wa pili dereva alikuwa ameegemea gari, akiwatazama kama anayesubiri kuona watakavyofanya.

"Kivuko kiko wapi?" aliuliza Goodhope.

"Si kipo?" alisema Odilia. "Umekiandika. Vuka."

"Mama, maji haya..."

"Ndiyo haya haya. Sisi tunavuka hivyo. Lucas, mbebe mgeni."

Lucas aliinama. Goodhope alitazama huku na huku, hakuona njia nyingine, akapanda mgongoni mwa Lucas na viatu vyake mkononi. Hatua ya tano maji yakafika kiunoni kwa Lucas, ya sita yakamvuta, akayumba. Kiatu kimoja kikaenda zake. Goodhope akamkaba Lucas shingo kwa mikono yote miwili.

"Lucas, simama hapo hapo!" Odilia alipaza sauti. "Afisa! Kipo au hakipo?"

"Mama, tafadhali!"

"Kipo au hakipo?"

"Hakipo! Hakipo, mama!"

Odilia akampungia Lucas amalize kuvuka, akamgeukia Filomena, aliyebaki ukingoni amekumbatia kishikwambi kifuani. Msichana hakungoja kuambiwa. Alifungua namba saba, akafuta, akaandika upya. Odilia, aliyefundishwa kusoma na masista, alisimama nyuma ya bega lake akisoma herufi moja moja mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole kumwelekea Rebeka, aliyekuwa amesimama juu ya kilima na tumbo lake.

"Yule naye atavuka hapa, na Mungu ndiye anayejua maji yatakuwaje siku hiyo," alisema. "Haya, kunja sketi, mwanangu. Maji ni ya baridi."