Muhuri wa Kumi na Saba

Fremu ya arobaini iliposimama mbele yake, Cheche aliweka muhuri juu ya chuma, akaugonga nyundo mara moja, akasogea kando. Kumi na saba. Ndiyo nambari aliyopewa alipoajiriwa, miaka ishirini na miwili iliyopita. Kiwandani humo kila mchomeleaji alikuwa na yake: ukiiona kwenye mshono, unajua nani wa kusifiwa na nani wa kulaumiwa. Ila fremu hii hakuichomelea yeye, wala mtu yeyote humo ndani.

Gari lao lilikuwa limedorora sokoni miaka mingi, hadi wakubwa wakaja na dawa. Waliieleza mkutanoni, kwa soda na biskuti: fremu moja itabeba magari ya kampuni mbili. Itaundwa ng'ambo kwa kampuni dada, na hapa itavikwa bodi na jina lile la zamani. "Suruali moja, ndugu wawili," mtu alinong'ona nyuma, watu wakacheka. Kicheko kilikatika wiki iliyofuata, wachomeleaji ishirini na tisa walipopewa barua za kuachishwa.

Cheche alibakizwa peke yake. Gari lililochomelewa nchini lilipunguziwa ushuru, na ushahidi wa kuchomelewa ulikuwa muhuri. Basi kazi yake ikawa kugonga. Aliona haya, haya ya kweli, lakini mkewe alikuwa akisafishwa figo mara mbili kwa wiki kwa kadi ya matibabu ya kiwanda, kwa hiyo aliimeza na kugonga.

Fremu ya arobaini na moja ilikuja na kitundu, kidogo kama cha sindano, pale panaposhikilia gurudumu la mbele. Cheche alipapasa kwa kidole gumba, kisha akasugua rangi kwa brashi ya waya. Chini yake mshono ulikuwa na ufa wa urefu wa kiganja. Akamwita msimamizi.

"Mzee wangu, hiyo imekaguliwa huko ilikotoka," msimamizi alisema bila kuinama. "Karatasi zake safi. Gonga, mstari uende."

"Karatasi haishiki gurudumu, bwana mdogo. Ikikatika barabarani, ataulizwa kumi na saba."

"Si ndiyo maana umebaki, mzee? Ili awepo wa kuulizwa."

Msimamizi akaenda zake. Cheche alisimama na nyundo mkononi. Alimfikiria mkewe, na kesho ilikuwa zamu yake ya kusafishwa figo. Akamfikiria pia mtu asiyemjua, amepakia watoto, anateremka mlima. Mwishowe alipiga moyo konde, akabonyeza kitufe cha kusimamisha mstari, akaifunua mashine yake ya kuchomelea iliyokuwa pembeni imefunikwa turubai, akavaa kinyago. Alichomelea dakika kumi na moja. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili alifurahi. Ndipo akagonga muhuri.

Kabla ya saa sita aliitwa ofisi ya utumishi. Dada wa pale, aliyezoea kutaniana naye, alisoma fomu kwa sauti ya chini: kosa, kuchomelea bila idhini na kusimamisha mstari. Adhabu, kufukuzwa.

"Soma tena hapo kwenye kosa," Cheche alisema.

Akasoma tena. "Nisamehe, kaka. Ndivyo nilivyoambiwa niandike."

"Na kadi ya mke wangu?"

"Inafungwa leo, saa kumi."

Alimwambia kwamba zamu ya mkewe ni kesho. Dada akamwomba muhuri, maana ni mali ya kampuni, na Cheche akautoa mfukoni akauweka juu ya fomu.

Alikwenda kubadili viatu katika chumba cha wachomeleaji, makabati thelathini na wenyewe hawapo. Alikuwa akifunga kamba ya kiatu cha pili aliposikia nyundo kule kwenye mstari. Pigo moja, kimya, pigo jingine. Muhuri walikuwa wamempa mfagiaji. Kumi na saba alikuwa bado kazini.